Bei za Florentine

Yote yaliharibika Jumatano, tarehe tisa mwezi wa kumi, wenye bunduki walipoingia soko la njia ya Nyunzu na kuwalaza watu chini pamoja na unga wao. Watoto wa shule ya jirani walikuwa wamekwisha kurudi makwao kula cha mchana. Hiyo ndiyo huruma pekee iliyotajwa kwenye kilio. Askari wa serikali walifika kesho yake, buti zao safi. Ngoy alimtambua mke wake, Florentine, kwa kitambaa cha kichwa, maana uso haukuwapo tena.

Sasa Ngoy alikuwa ameufunga mlango wa biro, ofisi ya kampuni, kwa ndani, hapo Kalemie mjini, panga mkononi. Lilikuwa panga la kazi. Yeye ndiye sentineli, mlinzi wa biro hiyo, na nyasi za uani alizifyeka kwa panga hilohilo.

"Papa Ngoy," mkurugenzi Elysée alisema, "weka hiyo kitu chini. Tuongee kama wanaume."

Ngoy alimpiga kwa mgongo wa panga. Mfupa wa mkono ulialika, na Elysée akaangukia meza, karatasi na vikombe vikamfuata sakafuni.

"Wanaume? Wanaume walikuwa wapi siku ile?"

Kwenye kona, Mama Myriam alikuwa amejibana ukutani, viatu vimemtoka miguuni. Alitoka Kinshasa, na kazi yake ilikuwa kupima makampuni na kusema kila moja lina thamani gani. Alikuja mara ya kwanza mwezi wa saba, wakubwa walipoikata kampuni vipande viwili. Maboti ya mizigo yakaenda zao na jina jipya. Hapa zikabaki habari za bei tu. Wachuuzi walioandikishwa, Florentine mmoja wao, walituma kwa sauti bei ya unga, ya samaki, ya petroli, soko kwa soko, na mabenki ya mbali yalilipa ili yajue kabla ya wengine. Leo Mama Myriam alikuwa amekuja kupima upya.

"Ulisema nini pale barazani, safari ya kwanza?" Ngoy alimwuliza. "Nilikuwa namwagilia maua yenu. Mulidhani sentineli hana masikio. Sema tena."

Myriam alitazama mlango uliofungwa.

"Sema!" Panga lilichana meza.

"Nilisema... zamani, bunduki ikilia, maboti yanalala, kampuni inapoteza. Sasa maboti si yao tena. Bunduki ikilia, bei inaruka, na kila benki inataka kujua imeruka wapi."

"Halafu?"

"Nikasema thamani imepanda mara mbili."

"Na huyu akafanya nini?"

Myriam alitazama sakafu, alipolala mkurugenzi. "Akacheka."

"Akacheka," Ngoy alisema. "Kabla maua hayajakauka, soko la bibi yangu likachinjwa."

Alikuwa hajasoma kupita darasa la nne, lakini hesabu hiyo haikuhitaji shule. Wakubwa walitaka bunduki ilie, na bunduki ikalia. Wangeishika wao kwa nini? Wao wanashika simu, wanavaa shati jeupe, na wanaokufa ni wauza unga.

"Hatukutuma muntu!" Elysée alilia, damu ikimtoka puani. "Naapa kwa mama yangu! Sisi tulijua kwa bibi yako mwenyewe. Ile Jumatano, njo yeye alikuwa wa kwanza kututumia. Sauti yake iko mu telefone. Sikiliza tu..."

"Usimtie mu kinywa chako."

"Papa Ngoy, nakuomba, sikiliza..."

Ngoy hakusikiliza. Alikuwa anamsikia Florentine wa Jumapili ya mwisho, akijifunga kitambaa mlangoni kabla ya kurudi sokoni. "Bei ikilala, wananipa vumbi," alikuwa amesema. "Ikiruka, na mimi wa kwanza kuituma, wananipa vizuri. Omba iruke, baba Chadrack, tupate mabati." Wakacheka wote wawili. Alikuwa mtu wa kutania, Florentine. Mtu wa kutania hivyo, na huyu mnene wa kiyoyozi anamtaja!

Safari hii Ngoy aligeuza makali. Panga liliingia shingoni na kunasa. Ilibidi aweke mguu kifuani ili alichomoe. Akapiga tena. Elysée alikwaruza sakafu kwa kucha, akatulia.

Ngoy alijifuta macho kwa kiwiko, akageukia kona.

 Myriam alikuwa ameokota simu ya mkurugenzi na kuishika mbele ya uso wake kwa mikono yote miwili. "Hii njo ya siku ile," alisema. "Ya tarehe tisa. Papa, sikiliza mbele ya kuniua."

Akabonyeza.

"Mimi njo Florentine, soko la njia ya Nyunzu. Masasi ya bunduki inalia huku. Unga mara tatu. Petroli haiko tena. Batu bote bamekimbia."

Ilikuwa sauti yake. Haikuhema. Karibu naye mwanamke alikuwa akipatana bei, "Mama Flore, punguza kidogo, unatunyonga!" na Florentine akacheka kile kicheko chake kidogo. Nyuma yao, mbali kidogo, watoto wa shule waliimba wimbo wa bendera, ule wa asubuhi, kabla hawajaingia darasani.

Panga lilibaki hewani.

"Rudisha," Ngoy alisema.

Myriam alirudisha. Watoto walikuwa wanaimba.

"Rudisha."

Walikuwa wanaimba bado.

"Mama," Ngoy aliuliza polepole, kama mgeni anayeuliza njia, "nani alimwambia kwamba bunduki italia?"