Nusu ya Mluzi

Kibwana alikuwa ameshainua shoka pale mluzi uliposikika juu ya mpera. Akalishusha polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Ndiye marehemu mume wangu huyo," Bi Mwanahija alicheka. "Msalimie kwanza, ndipo ukate."

"Usinitanie, Bi. Majirani wanasema mti huu una jini, na mwenyewe umekubali ukatwe."

"Nimechoka na midomo yao. Ni kurumbiza tu, ndege mwigaji. Mtazame."

Kifua cha rangi ya chungwa kilitetemeka kati ya majani, kidogo kuliko ngumi ya mtoto. Marehemu Hemedi hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alipiga mluzi akiwa njiani, na mkewe alifungua lango kabla haujaisha. Ndiyo maana ndege alijua nusu tu. Kila asubuhi aliirudia, na Bi Mwanahija aliacha chai ipoe akimsikiliza.

"Basi mmalizie," Kibwana alisema. "Akiridhika atahama, na mti utabaki."

"Mwanamke nipige mluzi? Unataka niite nyoka?"

Lakini alilitazama shoka, kisha akakitazama kile kifua. Akakunja midomo, akapiga nusu iliyobaki.

Ndege alinyamaza. Majani nayo yakatulia, ingawa upepo ulikuwa ukiwapiga usoni.

Nyuma yao, komeo la lango, ambalo Kibwana alilifunga kwa mkono wake, likaanza kusogea.

Bi Mwanahija akajitanda kanga vizuri.