Malkia Halisi Ukutani

Siku hizo malkia wa kale waliishi kwenye kuta za nyumba, wakiongea na watu kwa jinsi ensaiklopidia ilivyowaeleza. Basi Somoe akaingia mbio, hata viatu hajavua.

"Bibi, nimeshinda! Wahariri wa ensaiklopidia wamekubali kusahihisha! Huyu wetu wa ukutani si Malkia Mwanazuhura, ni mjukuu wake aliyepewa jina lake. Miaka yote wamewachanganya!"

"Hongera, mwanangu! Kumbe chuoni hukwenda kuuza sura!" Bibi akapiga vigelegele.

Mara ukuta ukameta. Malkia halisi akatokea, mkali, kajaa dhahabu. "Nani hawa?"

Somoe akarukaruka kwa furaha. Bibi akausogelea ukuta, akauliza polepole, "Na yule wa kila asubuhi, aliyekuwa akiniita dada, mmempeleka wapi?"