Vidole vya Mwalimu

Anena alifungua polepole bendeji ya jicho la bibi mzee. Alikuwa amemtoa bibi huyu mtoto wa jicho kwa mkono wake mwenyewe. Bibi akiona, Anena atapewa leseni ya kupasua macho. Asipoona, basi, kwa maana mwalimu wake, ambaye ndiye wa kumpitisha, anaondoka Uganda kesho. Mlangoni sajini, mwana wa bibi, alikumbatia bunduki.

Mwalimu alinyoosha vidole. "Mama, hivi vingapi?"

Jicho lilipepesa. Bibi akavisukuma vidole kando.

"Ondoa mkono, mzee, unanizibia! Na wewe mwanangu hapo mlangoni, nani alikushonea kifungo hicho kwa uzi mwekundu? Umeoa bila kuniambia?"

Sajini aliweka bunduki chini, akacheka kama mtoto.

Mwalimu akatoa mfukoni miwani yake ya upasuaji, akamvisha Anena.

"Daktari wa macho, mgonjwa mwingine anakungoja."