Joto la Bondeni

Korongo, msoma anga, alitua mlimani kwa Pimbi.

"Bwana Pimbi, kuanzia kesho joto litapanda bondeni kwa siku saba. Panueni chemchemi yenu."

Pimbi akajinyoosha juu ya jiwe lake la baridi. "Si umesema bondeni? Basi kawaambie wa bondeni."

"Nimeshawaambia."

Siku ya tatu mlimani kulikuwa na ubaridi uleule. Pimbi akashuka kunywa, akakuta kundi zima la nyati kwenye chemchemi yake, na maji yamebaki tope.

"Utuwie radhi, mwenyeji," akasema nyati mkubwa. "Kwetu hapakaliki."

Pimbi akamgeukia Korongo, aliyekuwa ametua tena kando ya chemchemi. "Ulisema joto ni la bondeni."

"Na limebaki hukohuko," Korongo akajibu. "Kilichopanda mlima ni kiu."