Nusu Tonge ya Kenge

Mchwa hawakuumbwa wavivu, hilo lisemwe mapema. Lakini kila mwaka mvua ilikikuta kichuguu chao bado kifupi, ikasomba watoto wao. Sababu ilikuwa Kenge na genge lake. Kila mchwa aliyepita na tonge lake la udongo alilazimika kuwamegea nusu, wakakandikie shimo lao.

Mchwa wakamwendea Nguchiro, mlinzi waliyemweka wenyewe.

“Afande, tunaporwa mchana kweupe!”

“Poleni, nitalishughulikia,” alisema Nguchiro. “Ila na mimi msinisahau.” Kisha akaingia kupumzika shimoni kwa Kenge.

Bi Mchwa, mkuu wa wajenzi, alimwona. Akacheka.

“Wanangu, wakubwa wanataka udongo. Leo wapeni wote.”

Matonge yakamiminika shimoni. Wezi walichekelea, wakajinyoosha, wakasinzia. Mchwa wakaukandika mlango, wakaukandika tena, jua likaukausha, nao wakaendelea kujenga juu yake.

Mvua iliyofuata haikufika hata kiunoni mwa kichuguu. Hadi leo mgeni akisifia urefu wake, mchwa humjibu kwa maringo: “Msingi wake ni wezi wetu. Na udongo waliuomba wenyewe.”