Penye Neno, Weka Sifuri

Skripti ya kompyuta ilitiririka kwenye safu ya vipimo vya mvua vya miaka thelathini kama maji mferejini, kisha ikakwama. Katikati ya namba palikuwa na kisanduku chenye maneno.

Binti alikifungua kisanduku hicho. Mama yake, mpima mvua mstaafu, alikuwa ameandika: "Imenyesha sana. Mwanangu kaogea maji ya kipimo."

Akayahisi tena, ubaridi ukimteremka utosini hadi kisogoni, dunia nzima ikinukia udongo mbichi.

Ofisi ilitaka namba tupu, la sivyo kazi ingerudishwa. Skripti nayo ilingoja mstari mmoja tu: penye neno, weka sifuri. Lakini sifuri ni siku isiyo na mvua.

"Mama, siku ile niliyomwaga kipimo, ilinyesha ngapi?"

Mama aliangua kicheko kutoka kibarazani. "Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse kupimika!"

"Si ungekisia tu?"

"Kukisia si kupima, mwanangu."

Nje jua lilikuwa kali, na hakukuwa na wingu hata la dawa. Binti aliandika: penye neno, acha neno. Akabonyeza.

Tone la maji likamdondoka kutoka kwenye nywele, likatua juu ya kibodi.