Jibu Lililokatwa

Mwadime alikuwa anapiga pasi shati lake la ulinzi, ameipa televisheni mgongo, aliposikia swali alilolijua kuliko jina lake.

"Huyu kijana ni nani wako?" baba wa kwenye filamu alimuuliza mwanawe wa kiume.

Pasi ikaganda juu ya kola. Kabla ya kuja Dubai, Mwadime alikuwa mwigizaji Nairobi, na hadithi hii ilipokuwa bado mchezo wa jukwaani, mwana huyo alikuwa yeye. Kila onyesho aliulizwa swali hilo, na kila onyesho alilijibu, wengine wakizomea, wengine wakilia.

Akageuka. Kwenye filamu, mwana aliinamisha kichwa, akatoka nje kimya. Jibu walikuwa wamelikata.

"Afadhali kaufyata," alisema Mtanzania wa kitanda cha juu, na chumba kizima cha walinzi kikaangua kicheko. "Angejibu, ningezima."

Harufu ya kola inayoungua ikapanda. Mwadime aliisimamisha pasi, akachukua rimoti, akairudisha filamu nyuma.

"Wee, yalla, tuachie tuone mbele!"

Hakuwasikiliza. Alisimama na fulana yake mbele ya televisheni, akanyoosha mabega, akavuta pumzi kutoka tumboni.

"Huyu kijana ni nani wako?" baba akauliza tena.

"Ni mpenzi wangu, Baba," Mwadime akajibu, kwa sauti ya kumfikia mtu wa kiti cha nyuma kabisa.

Kisha akamnyooshea rimoti yule wa kitanda cha juu.

"Haya. Zima."